Nyumba Ikivunjwa Ipate Kuishi

Katika mji wa bandari wa Salem, jimbo la Massachusetts huko Marekani, imesimama nyumba ya Kichina yenye umri wa miaka mia mbili na ushei. Haikujengwa kwa kuigiza. Ni nyumba yenyewe, ileile iliyosimamishwa karibu mwaka 1800 katika kijiji cha Huang Cun, mkoa wa Anhui, na ukoo wa wafanyabiashara wa jina la Huang. Wenyewe waliipa jina: Yin Yu Tang. Ina ghorofa mbili na vyumba 16 vya kulala, na katikati pana ua ulio wazi juu, wenye vidimbwi viwili vya samaki. Wanaume wa ukoo huo walikwenda kutafuta riziki miji ya mbali, wakakaa huko miaka, wakarudi kwa harusi na mazishi. Nyumbani walibaki wake zao, wazee na watoto. Vizazi vinane hivi viliishi namna hiyo.

Kufikia katikati ya miaka ya 1980 nyumba ilikuwa tupu. Mwaka 1996 wenyewe walikata shauri kuiuza. Kwa makubaliano na serikali ya huko, makumbusho ya Peabody Essex ya Salem yakaichukua, na mwaka 1997 kazi ya kuifungua ikaanza.

Kuifungua ndilo neno lake. Kiunzi cha nyumba za namna hiyo hushikana kwa ulimi na tundu: ncha ya boriti huchongwa ulimi, nguzo hutobolewa tundu, kimoja kikaingia ndani ya kingine kikakaza. Fundi anayejua ilivyofungwa anajua pia pa kuanzia kuifungua, kwa sababu kipande kilichoingizwa mwisho ndicho hutoka kwanza. Vigae vikashushwa, kisha pau, kisha maboriti, kisha nguzo. Kila kipande kikaandikwa namba, kikachorwa na kupigwa picha: zaidi ya vipande 2,700 vya mbao na zaidi ya 900 vya mawe, mbali na vigae na matofali. Vyote vikapakiwa kwenye makontena, vikavuka bahari. Hata karatasi za kupamba ukuta zilisafiri, na hata kipaza sauti kilichofungwa humo enzi za Mao. Mwezi wa Juni 2003 wageni wakaanza kuingia.

Kipo kitu kingine kilichovuka bahari ambacho hakikuandikwa namba. Waashi na maseremala wa Kichina, wenye ujuzi wa nyumba za kwao, walikwenda Salem kufanya kazi bega kwa bega na maseremala wa Kimarekani. Bila wao, makontena yale yangekuwa yamebeba shehena ya mbao kuukuu tu.

Salem si mji mgeni kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, na Marekani, merikebu za Salem ndizo zilizotawala biashara ya Wamarekani Unguja, na balozi wao wa kwanza, Richard Waters, aliyefika mwaka 1837, alikuwa mtu wa Salem. Walileta kitambaa cheupe cha pamba ambacho mpaka leo tunakiita merikani. Waliondoka na pembe, ngozi na sandarusi, ule utomvu wa miti ya kale uliofukuliwa ardhini huko Mrima. Sandarusi ilisafishwa, ikayeyushwa, ikawa vanishi ya kung'arisha fanicha na mbao za nyumba za Wamarekani. Mji ule ulijengwa kwa kuhamisha vitu. Haishangazi sana kwamba mwishowe ulihamisha nyumba nzima.

*

Wa kwanza kuifanya kazi hii kwa kusudi la kuhifadhi walikuwa watu wa kaskazini ya Ulaya, na sababu iko wazi: nyumba zao ni za miti. Nyumba ya magogo ni kama jamvi, ukijua mshono wake utaufumua. Mwaka 1841 kanisa la mbao la Vang, nchini Norway, liliuzwa kwa mnada kwa kuwa waumini walitaka jipya lenye nafasi. Mchoraji J. C. Dahl, mzaliwa wa Norway aliyeishi Ujerumani, hakuvumilia kuona mbao za karne nyingi zikienda kuwa kuni. Akalinunua na kumshawishi mfalme wa Prussia, Friedrich Wilhelm IV, alichukue. Likafunguliwa, likapakiwa, na badala ya kuishia kwenye makumbusho ya Berlin kama ilivyotarajiwa, likapelekwa milimani, mahali ambapo leo ni mji wa Karpacz, Poland. Mpaka sasa watu wanasali humo.

Miaka 50 baadaye, Msweden mmoja aliifanya kazi hiyo kuwa taasisi. Artur Hazelius alikuwa mwalimu wa lugha. Mwaka 1872, akiwa safarini katika jimbo la Dalarna, aliona jinsi reli, viwanda na biashara mpya zilivyokuwa zikifagia maisha ya vijijini: mavazi, vyombo, sebule, hata namna ya kupanga ghala. Huo ulikuwa wakati Wasweden walipokuwa wakihama nchi kwa wingi. Katika miongo michache zaidi ya milioni moja walikwenda Marekani. Mashamba yaliachwa. Nyumba za mababu zikabaki na buibui.

Hazelius alianza na vyombo na nguo. Akaona havitoshi, maana kijiko kilichotundikwa ndani ya kabati la kioo hakimwambii mtu kilikuwa kikikorogea nini, wala moshi wa jiko ulipitia wapi. Mwaka 1885 akanunua nyumba ya wakulima kutoka Mora, na mwaka 1891 akafungua Skansen, juu ya kilima kimoja cha Stockholm: nyumba nzimanzima, zilizofumuliwa vijijini na kusimamishwa upya pamoja na uwanja wake, uzio wake, mifugo yake na watu wa kuwasha moto mekoni. Leo yapo majengo kama 150. Hazelius mwenyewe aliishi hukohuko, akafia huko mwaka 1901, akazikwa huko. Jina la mahali pale likageuka nomino ya kawaida: Wapolandi, Wacheki na Wahungari wakitaka kusema makumbusho ya wazi yenye nyumba za kale husema skansen.

Kilichomsumbua Hazelius ni kwamba nyumba ingeweza kufa ingali imesimama. Na hapo alikuwa sahihi. Lakini dawa yake ina uchungu wake. Nyumba ya Mora ikiwa Stockholm haina tena ziwa lake, wala jirani wa kuja kuazima chumvi. Imeokolewa, na papo hapo imefanywa yatima.

Uchungu huo ulionekana zaidi Marekani. Henry Ford, aliyejaza barabara za nchi ile magari, alitumia sehemu ya utajiri wake kukusanya nyumba za ulimwengu ambao magari yake yaliuondoa. Katika kijiji alichokiita Greenfield Village, mjini Dearborn, kilichozinduliwa tarehe 21 Oktoba 1929, alisimamisha upya maabara ya Thomas Edison ya Menlo Park. Hakuridhika na mbao. Aliagiza pia shehena za udongo mwekundu kutoka New Jersey ili maabara ikae juu ya ardhi yake. Mwaka 1937 akahamisha kutoka Dayton, Ohio, nyumba ya ndugu Wright na karakana yao ya baiskeli, pale walipotengenezea sehemu za ndege yao ya kwanza. Leo msafiri anayekwenda Dayton kuona karakana hiyo huambiwa iko jimbo jingine. Ford aliiokoa karakana, na Dayton ikaikosa. Yote mawili ni kweli, na hakuna hesabu inayoweza kufuta moja kwa lingine.

Zipo safari fupi zaidi ambazo zina adabu kubwa kwa mahali. Nyumba ya Alexander Hamilton, mmoja wa waasisi wa Marekani, ilijengwa mwaka 1802 kaskazini mwa kisiwa cha Manhattan, wakati huko kulikuwa mashamba. Mji ulipokuja na barabara zake zilizonyooka, nyumba ilikuwa njiani. Mwaka 1889 ikasogezwa. Ilibanwa kati ya kanisa na jengo la ghorofa, baraza zake zikaondolewa, mlango wake mkuu ukahamishwa ubavuni. Mwaka 2008 ikasogezwa mara ya pili. Ukumbi wa mbele wa kanisa ulikuwa umeziba njia, hivyo nyumba nzima ilipandishwa juu taratibu kwa jeki, ikapitishwa hewani juu ya ukumbi huo, ikateremshwa barabarani na kuviringishwa hadi bustani ya St. Nicholas, ambako ardhi yake ilikuwa sehemu ya shamba la Hamilton mwenyewe. Ikarudishiwa baraza na mlango wake. Safari mbili, na bado iko mtaani kwake.

*

Safari iliyoshangaza dunia kuliko zote ilikuwa ya mawe, na ilifanyika Afrika. Misri ilipoanza kujenga Bwawa Kuu la Aswan mwaka 1960, UNESCO iliomba mataifa yasaidie kuokoa mahekalu ya Nubia yasizame. Kati ya mwaka 1964 na 1968, mahekalu mawili ya Abu Simbel, yaliyochongwa ndani ya jabali zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, yalikatwa kwa msumeno vipande zaidi ya 1,000, vingi vikiwa na uzito wa tani 20 na zaidi. Yakainuliwa mita 65 na kurudishwa nyuma mita 200, yakajengwa upya yakielekea macheo vilevile, ili jua liendelee kuingia hadi chumba cha ndani mara mbili kwa mwaka.

Kazi hiyo ilikuwa kubwa na inastahili sifa zake. Lakini kazi hiyo ilipokuwa ikianza, kati ya mwaka 1963 na 1964, Wanubi karibu laki moja walihamishwa, nusu yao upande wa Misri hadi Kom Ombo, nusu upande wa Sudan hadi Khashm el-Girba, mamia ya kilomita kutoka mtoni kwao. Nyumba zao hazikukatwa kwa msumeno wala kuandikwa namba. Zilizama.

Ni vyema kuzitazama nyumba hizo kwa karibu. Kuta zilikuwa za udongo, nene, zimepigwa lipu laini kwa mkono. Juu ya mlango mkubwa wanawake na mafundi walichora mamba, nyota na maua, na katika lipu mbichi wakapachika sahani za kaure. Mtu wa pwani akiona picha za nyumba hizo atashtuka kidogo, kwa sababu mababu zake walifanya hivyohivyo kwenye kuta na makaburi ya nguzo: sahani kutoka China, imebandikwa kwenye chokaa, ing'ae. Kom Ombo, familia zilikuta nyumba zimepangwa safu kwa safu, zote namna moja, bila uwanda wa mbele wala mto wa kutazama. Wengi walianza mara moja kuzikandika na kuzipaka rangi upya, kuongeza mastaba ya kukalia nje, kuvunja dirisha hapa na kutoboa mlango pale. Nyumba ilikuwa imezama, lakini mikono iliyoijenga ilikuwa pale.

Mikono hiyo ilikuwa na sifa kabla ya bwawa. Mwaka 1941, vita vikiwa vimeadimisha mbao na chuma nchini Misri, msanifu majengo Hassan Fathy alikwenda Aswan akaona waashi wa Kinubi wakiezeka nyumba kwa tofali za udongo mtupu. Walianza kwa kuegemeza mstari wa tofali kwenye ukuta wa mwisho, kila mstari ukilala kidogo juu ya uliotangulia, hadi kuba likafunga bila ubao hata mmoja wa kulishikilia. Fathy hakubeba nyumba. Alibeba waashi. Katikati ya miaka ya 1940 aliwapeleka Gourna, mkabala na Luxor, kujenga kijiji kipya kwa watu walioishi juu ya makaburi ya kale. Wenyeji wengi walikataa kuhamia, na walikuwa na sababu zao: hakuna aliyewauliza kabla. Hata hivyo vijana wa huko walijifunza kuba kwa waashi wale, na ujuzi uliokuwa ukitoweka ukapata wanafunzi.

*

Dar es Salaam ina kituo cha daladala kiitwacho Makumbusho. Makondakta hulitamka jina hilo mamia ya mara kwa siku, na abiria wengi hushuka bila kukumbuka kwamba limetokana na Kijiji cha Makumbusho, kilichoanzishwa mwaka 1966 kando ya Barabara ya Bagamoyo. Ndani ya uzio wake zimo nyumba za jadi za watu mbalimbali wa Tanzania: tembe la Wagogo lenye paa bapa la udongo, msonge wa Wahaya ulioezekwa nyasi kutoka kileleni hadi chini, nyumba ya Wachaga, ya Wahehe, ya Wazaramo.

Wazo ni la Hazelius, lakini njia haikuweza kuwa yake. Tembe halifumuliki. Ukiuvunja ukuta wake unabaki na lundo la udongo na fito zilizoliwa na mchwa. Kwa hiyo nyumba hizo zilijengwa upya palepale kwa mkono na ujuzi wa jamii zenyewe. Nyumba ya asili haikuhama. Maarifa yake ndiyo yaliyosafiri kutoka Dodoma na Kagera hadi pwani.

Ndiyo maana kijiji hicho hakiwezi kukaa kikangoja wageni tu. Nyasi huoza, mvua za masika hunyonya kuta, mchwa hawana likizo. Kila baada ya miaka kadhaa nyumba huhitaji kusimamishwa tena, na kila mara lazima awepo mtu anayejua nyasi zipi zikatwe, mwezi gani, na zifungwe kwa kamba ya gome lipi. Huko Japani, hekalu la Ise hujengwa upya kila baada ya miaka 20, mara ya 62 ikiwa mwaka 2013, na hakuna Mjapani anayesema kwamba si hekalu lilelile. Muda huo unatosha kijana aliyeshiriki akiwa mwanagenzi kushiriki tena akiwa fundi mkuu. Nyumba zetu za udongo zilikuwa na mzunguko kama huo bila kuandikwa katika vitabu vya ibada.

Historia ya Tanzania imeweka mambo mawili karibu sana. Miaka michache tu baada ya makumbusho kufunguliwa, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mamilioni ya wananchi walihamishwa kuingia vijiji vya ujamaa, na Wagogo wa Dodoma walikuwa miongoni mwa wa mwanzo. Matembe mengi yaliachwa. Walioyaacha walijenga nyumba za mraba kwenye mistari iliyopimwa. Tembe la Dar es Salaam likapata uzito ambao waliolijenga hawakuukusudia.

Pwani, nyumba ya miti na udongo ilikuwa na sheria yake ya kuhama. Mombasa mpaka leo watu husema nyumba bila ardhi: mwenye nyumba ni huyu, mwenye kiwanja ni yule, na kila mwezi kodi ya ardhi hulipwa. Mitaa ya Ng'ambo huko Unguja ilijengwa kwa utaratibu kama huo, na mwaka 1928 wakazi wake waligoma kuilipa. Nyumba ilihesabiwa kuwa mali ya aliyeisimamisha: nguzo, mtambaapanya, makombamoyo, fito, makuti. Alipofukuzwa kiwanjani angeweza kuondoka na mlango na miti yake akaisimamishe kwingine. Udongo aliuacha. Udongo upo popote.

*

Nyumba ya mawe ni habari nyingine. Huwezi kuifumua nyumba ya Lamu au ya Mji Mkongwe wa Unguja kama ile ya Huang Cun, maana haikushonwa, imekandwa. Mawe ya matumbawe yasiyo na umbo hutiwa katika chokaa, mchanga na udongo mwekundu, ukuta ukapanda kwa unene wa nusu mita na zaidi. Sakafu hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio huamua upana wa chumba, kama mita mbili na nusu hadi tatu. Ndiyo sababu vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine: kutoka daka la mlangoni hadi kiwanda, yaani ua wa ndani, msana wa tini, msana wa yuu, hadi ndani, ambako ukuta mzima umejaa zidaka, vishubaka vya lipu iliyochongwa. Kila hatua huingia kwenye giza lenye ubaridi zaidi.

Boriti hizo zilisafiri sana. Majahazi ya Ghuba yaliyokuja na kaskazi yalizipakia Lamu na kwenye delta ya Rufiji, yakarudi nazo na kusi. Nyumba za kale za Kuwait, Bahrain na Oman zimeezekwa kwa mikoko yetu, na wenyeji wa huko huiita chandal. Anayekarabati nyumba ya tajiri wa lulu huko Ghuba akitazama juu anaona msitu wa Rufiji.

Kilichosafiri kutoka nyumba za mawe za pwani ni mlango. Wasimulizi wa Unguja husema mlango ulisimamishwa kwanza, ukuta ukafuata, na ukitazama unene wa fremu utaamini. Umechongwa kwa msaji, mfenesi au mbambakofi. Katikati umesimama mfaa, nguzo inayofunika pale mabamba mawili yanapokutana. Juu, kwenye paji, mara nyingi kuna aya ya Qur'ani na mwaka wa Hijria. Ubavuni mnyororo umechongwa ukipanda, na chini, karibu na kizingiti, samaki au mawimbi. Milango yenye paji la mraba kwa kawaida ni ya zamani zaidi. Ile yenye paji la duara ilishamiri mwishoni mwa karne ya 19 pamoja na mkono wa mafundi wa Kihindi.

Mlango kama huo hutoka ukutani kwa siku moja. Nyumba ikishakuwa gofu, au mwenyewe akishabanwa na shida, mnunuzi huja na gari. Mingine imeishia kwenye hoteli, mingine kwenye nyumba za watu walio mbali na bahari, mingine imelazwa ikawa meza ya chakula chini ya kioo. Sheria iliona mapema: Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanganyika ya mwaka 1964 iliilinda milango na fremu zilizochongwa kabla ya mwaka 1940, na ya Kenya ya mwaka 2006 imeweka mpaka wake mwaka 1946. Hata hivyo mlango unaohama ndani ya nchi hupita bila kelele, na nyuma yake hubaki tundu lililozibwa kwa bati. Nyumba bila mlango wake huanguka upesi, kwa sababu fremu ile ilikuwa pia ikibeba ukuta.

Mji Mkongwe ulipata mamlaka yake ya uhifadhi mwaka 1985, ukaingia Urithi wa Dunia mwaka 2000. Lamu ikafuata mwaka 2001. Zipo kazi zilizofanywa kwa umahiri mkubwa, kama ile ya Zahanati ya Kale ya Tharia Topan huko Unguja, iliyowekewa jiwe la msingi mwaka 1887 na kukarabatiwa miaka ya 1990 na shirika la utamaduni la Aga Khan, pamoja na mapambo yake ya mbao na vioo vya rangi. Lakini nyumba nyingi hazina mfadhili. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964 nyumba za matajiri ziligawanywa vyumba, familia nne au tano chini ya paa moja ambalo si la yeyote. Bomba likivuja ghorofa ya juu, boriti ya chini huoza, na anayeona ufa hana fedha wala hati.

Na mwenye fedha kidogo hununua saruji. Hapo ndipo nyumba nyingi zilipodhuriwa kwa nia njema. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa unyevu na kuutoa, hupumua. Ukipigwa lipu ya saruji unyevu hunaswa ndani, chumvi huja juu, chokaa ya zamani hugeuka unga nyuma ya gamba gumu, na masika moja huja kulibandua gamba hilo pamoja na nusu ya ukuta.

Tarehe 25 Desemba 2020, Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, lililokuwa likifanyiwa ukarabati, liliporomoka upande mmoja pamoja na mnara wake wa saa. Watu wawili walikufa. Wale waliozoea kupanga miadi yao chini ya saa ile walisimama Forodhani wakitazama vumbi jeupe likitanda juu ya maji. Vumbi lile lilikuwa chokaa.

Chokaa ya kweli huanza na moto. Matumbawe hupangwa juu ya duara la magogo, huchomwa siku kadhaa hadi yawe meupe na mepesi, kisha humwagiwa maji, yakachemka yenyewe bila jiko. Fundi wa zamani hakuitumia hapohapo. Aliitia shimoni, akaiacha miezi, ikalainika mpaka ikawa kama siagi, ndipo ikafaa kuchongwa zidaka. Mafundi wa Lamu na Unguja wanaoijua kazi hii bado wapo, na wanafunzi wao ni wachache. Shimo hufunikwa kwa makuti, maji yakiwa juu ya chokaa kina cha vidole viwili, na asubuhi mwanagenzi hutumwa kwenda kuangalia kama yamepungua.